Kompyuta Iliyobaki Jumamosi

Kengele ya mwisho ilipolia shuleni, Ayoo Ogweno hakuwa na haja ya kuulizwa anakwenda wapi. Wasichana wenzake wa darasa la sita walishika njia za makwao, wavulana wakabaki uwanjani na mpira wao wa makaratasi. Yeye alitupa mfuko wa madaftari begani, akakata mitaa ya Mwanza mpaka Mirongo. Alivuka daraja, akapita vibanda vya mitumba na maduka mapya ya redio yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona katika miaka ile, asisimame hata pale walipoweka televisheni dirishani. Alikuwa na mashine yake ya kutazama, na kwake televisheni haikufua dafu.

Mashine hiyo ilikuwa katika ofisi ndogo ya kanisa la Wasabato, na mama yake ndiye aliyeitumia. Rebeka, au Mama Ayoo kama alivyoitwa na kila mtu, alikuwa amepiga taipu kwa miaka mingi mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Kisha waumini wa Ulaya wakalipatia kanisa kompyuta iliyokwisha kutumika kwao. Wazee wa kanisa waliizunguka, wakaitazama mbele na nyuma, na mmoja wao akasema afadhali atafutwe kijana aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam. Rebeka aliwajibu kwa upole tu, "Naombeni nijaribu kwanza." Akajaribu. Alijaribu kutwa na kuchwa, akikosea na kurudia, mpaka siku ile vijitabu vya kwanza vilipotoka safi. Tangu hapo hakuna aliyemtaja tena kijana wa Dar es Salaam.

Ayoo alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Watoto wengine shuleni walitamba kwamba baba zao wanaendesha malori ya samaki. Yeye alisema, "Mama yangu anaendesha kompyuta," kisha akanyamaza ili wenzake wapate nafasi ya kushangaa.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kwa Wasabato, siku ya kupumzika huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama, na katika muda huo hakuna kazi. Mzee Nathaniel Luhende, mkuu wa ofisi, alikuwa mtu wa msimamo. Alitaka hata mashine ipumzike. Akamwita fundi Venant, mtu wa Bukoba aliyezoea kutengeneza kompyuta za mahospitali na mashule ya kanda yote ya ziwa, akamwambia anataka kufuli la Sabato.

Venant alicheka, lakini kazi akaifanya. Ndani ya programu iliyoiendesha kompyuta ile mlikuwa na sehemu ya usalama, ambamo mtu angeweza kupangiwa saa za kuingia na saa za kukatazwa. Akapanga kwamba Rebeka na neno lake la siri wakubaliwe siku zote, isipokuwa kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumamosi saa moja usiku. Kisha akafunga na njia ya kubadilishia saa, kwa kuwa anayeweza kuirudisha nyuma saa ya mashine anaweza pia kulidanganya kufuli.

"Mimi ni Mkatoliki, Mzee," Venant alisema akifunga mkoba wake wa vifaa, "lakini Sabato yenu nimeibana barabara. Hata nyinyi wenyewe hamtaivunja."

Mzee Nathaniel hakuridhika na hapo. Aliagiza kwamba kila Ijumaa jioni plagi ichomolewe kabisa ukutani.

Mwezi ule kazi ilikuwa nyingi kwa sababu ya makambi. Makambi ni mkutano mkubwa wa kila mwaka, waumini wanapokusanyika na kukaa pamoja kwa siku kadhaa, wakiimba na kufundishana. Wageni walitarajiwa kutoka Usagara, Mkolani na hata vijiji vya pwani ya ziwa huko Mara, alikozaliwa baba yake Ayoo. Wote hao walihitaji kijitabu cha ratiba na nyimbo. Rebeka alikichapa ukurasa baada ya ukurasa, na mmoja wa kurasa hizo, ule wenye wimbo wa kwaya ya watoto, alimwachia Ayoo.

"Huu ni wako," mama alimwambia. "Usiponifurahisha naupiga mwenyewe."

Ayoo alitamani kurukaruka. Ukurasa wake mwenyewe, utakaoshikwa na mamia ya watu!

Sasa, mapema juma lile umeme ulikatika usiku, kama ulivyozoea kukatika. Kesho yake Ayoo aligundua kitu. Mlango wa pili kulikuwa na fundi cherehani, baba yake Masalu, mtoto aliyesoma darasa moja na Ayoo. Redio ya fundi huyo ilikuwa haizimwi, na ilipotangaza saa, Ayoo alitazama pembe ya kioo cha kompyuta ambapo saa yake huonekana. Ya kompyuta ilikuwa nyuma. Usiku wa Alhamisi umeme ukakatika tena, mara hii mpaka alfajiri. Ijumaa ile saa ya kompyuta ilikuwa imebaki nyuma kwa zaidi ya saa nzima.

Ayoo aliliona hilo, akalielewa, na akanyamaza.

Alikuwa na sababu yake. Rebeka hakuwa na saa ya mkononi, na tangu mashine ije ofisini aliifuata saa ya kiooni. Dirisha lao lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo taa iliwaka kutwa. Isitoshe, siku hiyo mawingu mazito yalikuwa yametanda juu ya ziwa tangu mchana. Ayoo alikuwa amebakiza beti mbili za wimbo wake. Mlango wa pili redio ikatangaza saa kumi na mbili. Kiooni hata saa kumi na moja ilikuwa bado.

"Fanya taratibu, mwanangu," mama alisema akipanga karatasi upande wa pili wa chumba. "Tuna muda."

Beti mbili tu, Ayoo alijiambia. Akaendelea kupiga.

Walipofunga ofisi na kutoka nje, giza lilikuwa limekwisha kuingia. Rebeka alishika kifua. "Jamani! Tumeingia Sabato?" Akatazama juu, akajifariji. "Ni haya mawingu. Bila shaka ni mawingu."

Mzee Ndalahwa, mlinzi wa uwanja wa kanisa, alikuwa ameshawasha karabai yake. "Leo mmechelewa, Mama Ayoo," alisema. Hakusema kwa ubaya. Ayoo aliinamisha kichwa, akatangulia njia ya nyumbani.

Jumapili asubuhi Rebeka alifika ofisini na Ayoo nyuma yake. Walikuwa na moyo mweupe, maana zilibaki kurasa chache tu, na makambi yangeanza katikati ya juma. Rebeka alichomeka plagi, akawasha kompyuta. Ikanguruma, ikahesabu tarakimu zake, ikafikia mahali pa kuuliza jina na neno la siri. Rebeka akaandika. Mashine ikajibu kwa Kiingereza, naye akasoma akifuata kwa kidole: akaunti hii hairuhusiwi kuingia kwa wakati huu, tafadhali jaribu baadaye.

"Baadaye lini?" Rebeka aliuliza. "Leo si Jumapili?"

Aliandika upya, polepole, herufi moja moja. Jibu likawa lile lile. Akazima, akasubiri, akawasha. Lile lile. Akatoa waya wa kibodi akaurudisha. Jasho lilianza kumtoka. Walikuwa katika hali hiyo Mzee Nathaniel alipoingia na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee," Ayoo alisema.

"Marahaba." Alikwisha kuona kioo. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Mama Ayoo, maneno haya nayajua. Venant alinionyesha. Aliniambia yatamtokea yule tu atakayejaribu kuifungua mashine ndani ya Sabato."

"Lakini leo ni Jumapili, Mzee."

"Ndiyo maana nakuuliza. Kitu gani kilifanyika humu siku ya Sabato hata kufuli likakwama? Ijumaa mlinzi aliona taa humu giza limeshaingia. Sikutaka kulisema. Nilijua una kazi nyingi. Sasa nayaunganisha mambo mawili haya, na moyo wangu haupati raha."

Rebeka alisimama wima. "Mzee, Ijumaa tulifuata saa. Na jana nilikuwa kanisani, ulinisalimu mwenyewe. Sijaigusa mashine hii."

"Mchana ulikuwa kanisani. Jioni sijui." Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha zaidi. "Leo alasiri baraza la wazee linakaa. Nitalazimika kuwaambia. Kijitabu hakipo, mashine imefungika, na mpiga chapa wetu anashukiwa kuvunja Sabato. Unadhani watasemaje juu ya kazi yako?"

Ayoo alitoka nje bila kuaga, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi cherehani. Masalu alikuwa pale akiokota vipande vya vitambaa.

"Una nini wewe? Mbona kama umemeza nzi?"

Ayoo akamweleza yote, ya saa, ya redio na ya beti mbili. Masalu alisikiliza huku akizungusha kitambaa kidoleni.

"Nyamaza tu," alisema mwishowe. "Nani atajua? Ukisema, utachapwa wewe na mama yako asipone. Saa kuchelewa na mashine kugoma, wapi na wapi?"

"Lakini wanasema mama amevunja Sabato."

"Si kweli, basi itajulikana si kweli."

"Itajulikana vipi kama mwenye kujua amekaa kwenye benchi hapa?" Ayoo alijibu, na aliposikia maneno yake mwenyewe akainuka. Akarudi ofisini mbio.

Ndani, Mzee Nathaniel alikuwa amempata Venant kwa simu huko Bukoba, katika hospitali alikokuwa akitengeneza kompyuta. Sauti ya fundi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mkono wa simu ulikuwa ukiisambaza chumba kizima.

"Mzee, sitaki kujua mnachodhania," Venant alikuwa akisema. "Nataka kujua mnachokiona. Taa zinawaka? Inauliza jina? Inakubali jina?"

Mzee alimpa Rebeka simu, naye akajibu yote kwa utaratibu.

"Vizuri. Mashine ni nzima basi, na programu ni nzima. Kama imekataa kwa maneno yale, imekataa kwa sababu inaamini ina sababu. Sasa nisikilize, Mama Ayoo. Kabla ya kukataa, juma hili lililopita, kuna kitu chochote kilichobadilika? Hata kidogo. Hata cha kipuuzi."

"Hakuna," Rebeka alisema. "Sikuona kitu."

"Mimi niliona," Ayoo alisema.

Watu wazima wawili waligeuka. Ayoo alitazama sakafu, kisha akajilazimisha kumtazama mama yake, maana yeye ndiye aliyestahili kutazamwa.

"Saa ya kompyuta ilikuwa inachelewa. Ilianza mapema juma lililopita. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi inakuwa nyuma. Ijumaa ilikuwa nyuma zaidi ya saa nzima. Nililinganisha na redio ya baba Masalu. Nilijua, mama. Uliposema tuna muda, nilijua hatuna. Nilitaka kumaliza ukurasa wangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mama hakuvunja Sabato, Mzee. Mimi ndiye niliyemvunjisha."

Rebeka alimwangalia binti yake kama mtu aliyepigwa na kupakwa dawa kwa wakati mmoja. Mzee Nathaniel alishika fimbo kwa mikono miwili. Kutoka kwenye simu kikasikika kicheko, cha chini kwanza, kisha kikubwa.

"Halo! Halo! Huyo ni nani? Mpeni simu huyo!"

Ayoo aliupokea mkono wa simu. "Shikamoo, fundi. Ni Ayoo."

"Marahaba, mwalimu wangu. Umesema umeme ukikatika saa inachelewa?"

"Ndiyo."

"Na Ijumaa mlichomoa plagi?"

"Kila Ijumaa tunachomoa."

"Basi sikia. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo. Kazi yake ni kuisukuma saa wakati mashine haipati umeme. Ikichoka, saa inakwenda kwa kuchechemea. Siku za kazi plagi ikiwa ukutani, umeme unaisaidia. Ukikatika usiku, saa inapoteza kidogo. Sabato nzima mkiichomoa, inapoteza sana. Sasa niambie wewe, mashine inadhani leo ni siku gani?"

Ayoo alifikiri. Aliwaza Ijumaa, aliwaza saa ikichechemea gizani peke yake. Ghafla macho yakamtoka.

"Jumamosi!"

"Nami nadhani hivyo. Kufuli halijakwama. Linafanya kazi niliyolituma! Mashine yenu bado iko kanisani." Akacheka tena. "Mkiiacha ikiwaka mpaka usiku itawafungulia yenyewe, lakini itabaki nyuma siku nzima, na juma lijalo itawafungia tena Jumapili. Lazima saa irekebishwe. Mle ndani programu haitawaruhusu, ila kuna mlango mwingine, unaofunguka mashine inapoamka tu, kabla ya programu kuanza. Huo nao nimeuwekea neno la siri. Anayelijua anaweza kuigeuza saa atakavyo, na kulidanganya kufuli Sabato yoyote. Mzee ndiye aamue nimpe nani."

Ayoo aliyarudia maneno hayo kwa sauti. Mzee Nathaniel alimtazama Rebeka. "Mama Ayoo, lipokee wewe."

"Hapana, Mzee," Rebeka alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini kidevu kilikuwa juu. "Asubuhi hii nimeshukiwa. Na hakuna aliyeiona Jumamosi hiyo bado, ni dhana tu. Sitaki niwe na neno la kufungulia Sabato. Kesho taa ikionekana nitaulizwa mimi tena. Lipokee wewe mwenyewe."

Mzee alitazama kibodi, akatazama vidole vyake vinene. "Mimi hata herufi moja sijui ilipo," alikiri. Aliigonga sakafu kwa ncha ya fimbo. Kisha akamgeukia Ayoo.

"Binti, ulijua ukisema utaadhibiwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulijua kwamba ukinyamaza hakuna atakayekugundua?"

Ayoo alisita kidogo tu. "Ndiyo, Mzee. Nilishaambiwa hivyo."

"Lakini umesema, tena mbele yangu." Aliegemeza fimbo ukutani. "Mwambie Venant akupe wewe."

Rebeka alivuta kiti, akamkalisha Ayoo mbele ya kompyuta, akaisogeza simu mpaka waya ukakaza. Ayoo aliubana mkono wa simu kati ya bega na sikio, mikono yote miwili ikawa huru.

"Zima, kisha washa," Venant aliamuru. Sasa hakucheka tena. "Itakapoanza kuhesabu, bonyeza kile kitufe cha kufutia cha upande wa kulia. Usikiachie. Unaona nini?"

"Kioo cha buluu. Inauliza neno."

Venant akamnong'oneza. Neno lenyewe hatuliandiki hapa, na msomaji atajua kwa nini kabla hadithi haijaisha. Ayoo aliliandika, na orodha ndefu ya Kiingereza ikajitandaza mbele yake.

"Humo mna mambo mengi," sauti ilisema, "na mengi ukiyagusa mashine haitawaka tena mpaka nije. Tunabadilisha kitu kimoja tu. Usiwe na haraka, usiwe na udadisi. Nenda penye tarehe. Nisomee, na hao walio nyuma yako wasikie."

Ayoo alisogeza alama kwa vitufe vya mishale mpaka juu. Akasoma. Akageuka kwa mama yake, akamgeukia Mzee, na japo macho yalikuwa bado na machozi alishindwa kulizuia tabasamu.

"Ni Jumamosi," alisema. "Jumamosi asubuhi."

Mzee Nathaniel aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo. Akaisoma tarehe ya jana, akaisoma tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla hawajajua kama analia au vipi, akaangua kicheko ambacho Masalu alikisikia mlango wa pili. "Kumbe katika ofisi hii mwenye kushika Sabato kuliko sote ni mashine!"

Rebeka naye akacheka, mara akalia, akafunika uso kwa khanga. Mzee akaacha kucheka.

"Mama Ayoo," alisema, "nimekukosea. Nimeona taa, nimeona maandishi, nikayafunga pamoja kwa kamba yangu mwenyewe. Nisamehe. Na kwa kuwa nilitaka kukusema mbele ya baraza, msamaha nao nitauomba mbele ya baraza."

"Nimekusamehe, Mzee."

Ayoo aliweka tarehe ya Jumapili, akamwuliza saa baba Masalu kwa sauti kupitia mlango, akaiweka. Akahifadhi kama alivyoelekezwa. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikauliza jina. Rebeka aliinama juu ya bega la binti yake, akaandika neno lake la siri. Kisha kioo kikafunguka, na saa pembeni yake ikaonyesha saa ya kweli.

Walifanya kazi kutwa. Mashine ya kudurufu ilizungushwa mpaka jioni, na Masalu, aliyekuja kuchungulia, alijikuta akipewa kurasa azipange. Alasiri ile ile Mzee Nathaniel alisimama mbele ya wazee wenzake, akaeleza kosa lake kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kujipunguzia. Yule aliyewahi kutaka kijana wa Dar es Salaam alisema hajapata kusikia mpiga chapa aliyetetewa namna ile.

Lakini Ayoo hakuponyoka. Usiku ule mama alimwita jikoni, akaendelea kupuliza moto bila kumtazama. "Leo umenipa heshima kubwa na juzi uliniondolea. Vyote viwili nimeviona. Mwezi mzima hutaigusa mashine, na ofisini utafagia."

"Ndiyo, mama."

Rebeka akageuka. "Ukurasa wako hauna kosa hata moja," alisema. "Nimeutafutia kosa, sikuliona."

Siku ya makambi uwanja ulijaa. Watu wa pwani ya ziwa waliketi kando ya watu wa Usagara, kila mmoja na kijitabu mkononi. Kwaya ya watoto iliposimama, mamia ya mikono ilifungua ukurasa ule ule kwa wakati mmoja, na sauti ya karatasi ikapita uwanjani. Ayoo, aliyekuwa mstari wa mbele, alimtafuta mama yake kwa macho. Rebeka hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anapitisha kidole chenye sugu juu ya maandishi, mstari kwa mstari, akimwonyesha jirani yake asiyemjua.

Makambi yalipokwisha, Venant alirudi kutoka Bukoba. Alifungua kompyuta kwa bisibisi, akatoa betri bapa ya mviringo kama sarafu, akaweka mpya. Watu wote wa ofisi walikuwepo, na Ayoo alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Tumemaliza," Venant alisema akipangusa mikono. "Limebaki jambo moja. Neno la siri la ule mlango mwingine nalibadilisha sasa hivi, Mzee. Huwa nafanya hivyo kila mara mtu mwingine akishalijua. Ndiyo sheria ya usalama."

Alikuwa ameshaanza kuandika Mzee Nathaniel alipoweka ncha ya fimbo juu ya meza, taratibu, kando ya kibodi.

"Liache," alisema.

"Mzee, mtoto analijua."

"Najua analijua. Mimi niliweka kufuli katika mashine hii kwa sababu sikuwaamini watu. Kufuli lilifanya kazi yake vizuri, na bado karibu nimwangushe mtu asiye na hatia. Kilichotutoa hapo si kufuli. Ni mtoto aliyesema jambo la kumwaibisha wakati angeweza kulificha." Alimgeukia Ayoo pale mlangoni. "Mtu anayekuambia ukweli unaomuumiza mwenyewe, huyo unaweza kumpa ufunguo ukalala usingizi. Likumbuke hilo, binti, hata utakapokuwa mkubwa na kuendesha mashine kubwa kuliko hii."

Venant alimtazama Mzee, akamtazama Ayoo, kisha akafuta alichokuwa ameandika.

Ayoo aliushika ufagio, akaanza kufagia pale pale aliposimama, ingawa alikuwa amekwisha kupafagia, na mama yake alimwacha afagie.